Zama zipi za huku Kusini ungetaka kuishi? (Sharti: cheo huchagui)

MamaAbdul_Chikongola

Habari za usiku wakuu.

Jana umeme ulikatika saa moja kasoro, kama kawaida yake siku hizi, nikabaki sebuleni na mwanangu wa kidato cha pili na taa moja ya sola. Ana kazi ya Historia, simu imeisha chaji, hana pa kukimbilia. Akaanza kunihoji mimi. "Mama, ungepewa nafasi ya kuishi zama zozote, lakini hapahapa Kusini, ungechagua zipi?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikamjibu Kilwa, enzi za masultani. Nilipelekwa Kilwa Kisiwani nikiwa darasa la sita. Tulivuka kwa mashua, nusu ya darasa ikatapika, mwalimu akatusimamisha kwenye lile birika la pembe nane la Husuni Kubwa akasema hapa sultani alikuwa anaoga. Nina miaka arobaini na mbili, na mpaka leo nikichota maji ya kuoga kwa kopo nalikumbuka birika lile.

Mtoto akanitazama. "Haya, na wewe ungekuwa nani huko?"

Nani tena? Ningekuwa wa mjini, nimejifunga hariri, nakula wali kwenye sahani za Kichina.

Akachana karatasi ya daftari, akaandika vikaratasi ishirini, akavikunja na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mvuvi, mvuvi, mkulima wa mtama, mchoma chokaa, mke wa tatu wa nahodha, mtumwa, mtumwa. Sultani kimoja. Akasema chota. Nikachota: mchoma chokaa. Nikamwambia hiyo ilikuwa ya majaribio, nikachota tena. Mtumwa. Alicheka mpaka nikamnyang'anya taa.

Sasa nawaletea ninyi. Zama unachagua mwenyewe, ila nani utakuwa, kopo ndilo litaamua. Wa Lindi na Mtwara tu. Wa Dar mtatusamehe.

---

Pwani_Masoko

Mama Abdul, usituharibie biashara. Mimi ndiyo kazi yangu, navusha wageni kutoka Masoko kwenda Kisiwani, na kila mgeni nikimfikisha kwenye birika anataka kuwa sultani. Hajawahi kutokea mmoja akasema anataka kuwa aliyelijaza maji.

Nachagua palepale pako, mwaka 1331. Ndio mwaka aliofika Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, akausifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilikuwa inapitia mikononi mwetu. Tulikuwa tunapiga sarafu zetu wenyewe za shaba, na ukitaka kujua zilifika wapi, mwaka 1944 askari mmoja aliziokota kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Zimefikaje huko hilo ni la Mungu na mabaharia.

Ila kwa kuwa umeweka sharti, nitakuambia kisa ambacho wageni siwaambii mpaka tuwe tumerudi kwenye mashua. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa akiitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja wakitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, yule mtoa hotuba ya Ijumaa, akabadilisha, akampa. Watu wakasifu sana. Mwana wa sultani akamfuata yule fakiri akazichukua zile nguo, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru aongezewe wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kanzu moja, watu ishirini. Na hao ishirini yaelekea walitoka bara huku nyuma yetu, maana Ibn Battuta huyohuyo anasema sultani alikuwa akienda vitani bara mara kwa mara na kurudi na ngawira.

Bado nachagua 1331. Nikichota baharia nimepata. Nikichota mmoja wa ishirini, basi, nitakuwa nimeiona Kilwa kabla Wareno hawajaivamia mwaka 1505.

---

Korosho_Tandahimba

Msimu wa 2017/2018. Korosho kilo imegusa 4,000. Kopo lako likinipa mbeba magunia ghalani, nalipokea kwa mikono miwili.

---

Kijana_Mtanda

@Korosho_Tandahimba umeniua 😂

Mimi wa Lindi mjini. Nilitaka kuandika zama za dinosari, miaka milioni 150 iliyopita, pale Tendaguru, kwa sababu kopo la wakati ule halina mtumwa wala sultani. Kila mtu ni chakula. Lakini nikawaza, hata mti wa kivuli wa kueleweka sijui kama ningeupata, nikaacha.

Nasogea mbele: Tendaguru hiyohiyo, 1909 mpaka 1913. Wajerumani wamekuja kuchimba mifupa. Yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini mpaka kichwani, ametoka huku kwetu. Hakwenda kwa lori. Alibebwa. Kipande kwa kipande, kichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo porini mpaka bandari ya Lindi, akapakiwa melini. Tani na tani.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, jina lake liko kwenye kumbukumbu. Wabebaji wengi majina hayaonekani popote. Kwetu inasemwa babu mzaa babu yangu alikuwa mmoja wao. Bibi alikuwa akisimulia kwamba waliambiwa ni mifupa ya zimwi na mzee hakuamini, maana zimwi gani linaacha mifupa mizito hivyo, halafu mzungu anaifunga plasta kama mgonjwa wa hospitali. Sina ushahidi zaidi ya bibi.

Jambo linalonivuta ni mwaka wenyewe. Maji Maji imezimwa 1907. Matumbi, Liwale, kote huko watu wamekufa kwa vita, na zaidi wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Miaka miwili baadaye mzungu yuleyule anatangaza kazi ya kubeba mifupa, kwa malipo. Unakwenda au huendi? Ningetaka kumuuliza mzee hilo swali uso kwa uso. Kwa hiyo mimi simo kwenye kopo, nataka kusimama pembeni ya njia saa moja tu na swali langu, nirudi.

---

MamaAbdul_Chikongola

@Kijana_Mtanda hairuhusiwi kusimama pembeni! Chota kama wenzio.

@Pwani_Masoko kaka, kisa chako nimekisoma kwa sauti hapa nyumbani. Mtoto ameinuka amekwenda kutafuta kalamu. Sijui anataka kufanya nini.

---

Mwl_Nachi

Nawasalimu wote. Mimi nimestaafu, nimezaliwa 1957 Nachingwea, kwa hiyo nitachagua zama nilizoziishi. Nadhani sharti halikatazi.

Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Alikuwa anatuambia matrekta mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, na sisi watoto tunadhani mzee anaongeza chumvi. Nilipofika chuo cha ualimu nikasoma kwamba ni kweli. Mradi ulifutwa 1951, karanga hazikuonekana, ila bandari ya Mtwara ilibaki na reli ikabaki kwa muda. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Nilikuwa mdogo sana, lakini tuta lake tulilichezea miaka mingi.

Zama ninazozitaka ni 1964 hadi 1975. Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Malori yalikuwa yakipita usiku, asubuhi tunakuta alama za matairi, na mama anatukanya tusiulize. Vijana wao walikuwa wakija sokoni, Kimakonde chao kimechanganyika na Kireno, wananunua tumbaku na miwa. Mei 1975 kiongozi wao, Samora Machel, aliondoka huku kwetu, akavuka Ruvuma, akaizunguka nchi yake mpaka Maputo, na tarehe 25 Juni bendera ikapandishwa. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Sijawahi kujisikia mrefu kama mwaka ule.

Sasa kopo la Mama Abdul limenikamata hapo. Miaka hiyohiyo, wilaya hiyohiyo, baba yangu mdogo alihamishwa kwa Operesheni Vijiji. Alikuwa na mikorosho aliyoipanda akiwa kijana, imeanza kumlipa. Akapelekwa kwenye kiwanja kitupu kando ya barabara, mikorosho ikabaki nyuma, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Magugu yakaimeza. Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, halafu mavuno yakaporomoka kwa miaka mingi. Kulikuwa na sababu kadhaa, ugonjwa wa ubwiri unga mmojawapo, lakini baba mdogo alikuwa na sababu yake moja tu.

Mimi nilikuwa naimba nyimbo za ukombozi shuleni, yeye analala chini ya turubai. Tulikutana mazishini mwa bibi, nikamweleza habari za Samora kwa furaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huko wanakokwenda, nyumba zao wamezikuta?"

Bado nachagua 1964. Ila ningekwenda kumsaidia kupalilia.

---

Mama_Kitangari

Shikamoo mwalimu.

Ninyi wanaume mnazungumza sarafu na mijusi. Mimi niko Newala juu ya tambarare. Huku juu mito hakuna. Wazee wetu walikaa huku kwa sababu wateka watumwa na Wangoni wasingewafikia kirahisi, vichaka vyake vinachana ngozi. Usalama waliupata, maji wakayaacha bondeni. Marehemu mama alikuwa anaondoka jogoo wa kwanza na mtungi, anateremka ukingo, anangoja zamu chemchemini, anapanda. Anarudi jua limekaa utosini. Maji hayo ni ya kunywa, kupikia, na kumwogesha mtoto. Mtu mzima alijipangusa.

Bomba la mradi wa Makonde lilianza miaka ya 1950, kwetu lilifika baadaye sana. Leo nina koki uani. Inatoa maji mara mbili kwa wiki, na mara zote mbili naitukana.

Nachagua mwaka huu. Kopo lako nalikubali, maana hata nikichota mwanamke wa mwisho kabisa hapa kijijini, ndoo anachota kwa jirani. Zama nyingine yoyote huku juu, wewe andika vikaratasi vyako ishirini: kama wa kike, vyote vimeandikwa bondeni.

---

Kijana_Mtanda

Mama Kitangari amefunga mjadala.

---

Pwani_Masoko

Hajafunga. Kisiwani nako maji ya visima yana chumvichumvi mpaka leo 😅

---

MamaAbdul_Chikongola

Ahsanteni sana. Mwalimu, shikamoo, jibu la baba mdogo limenikaa.

Taarifa kutoka sebuleni: mtoto ameongeza vikaratasi ishirini kwenye kopo, vyote "wa kanzu". Nilimwambia ameonea, sasa kopo zima limekuwa la watumwa. Akasema mama, sijaongeza mimi, amesema Ibn Battuta. Nimechota mara tano. Wa kanzu, mvuvi, wa kanzu, wa kanzu, mke wa tatu wa nahodha. Huyo wa mwisho nilimshangilia kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa anataka kwenda Kisiwani likizo ya Juni, na hataki kuona birika, anataka kuona mahali nyumba ya khatibu ilipokuwa. @Pwani_Masoko, panaonekana kweli au ni magofu tu? Na mashua kwa watu watatu kwenda na kurudi ni shilingi ngapi, bei ya mwenyeji? Mmoja anatapika.