Naomba ushauri: "khatai" kwenye nankhatai ina maana gani?

Ndugu zangu, habari zenu. Huku Mombasa Idi haipiti bila nankhatai, vile vibiskuti vya samli na iliki vinavyomumunyuka mdomoni. Najua vinahusishwa na Surat, Gujarat, na kwamba "nan" ni mkate kwa Kiajemi. Nimekwama kwenye "khatai". Kamusi niliyoipekua inasema Khata ni jina la zamani la China ya kaskazini. Mpikaji mmoja Mhindi akaniambia ni "sita", yaani viungo sita. Hilo silikubali sana, maana sita kwa Kigujarati ni "chha".

Wajuao Kiajemi au Kigujarati, lipi lina ushahidi? Na wazee wa Lamu au Unguja walikiita jina jingine kibiskuti hiki?