Ati "ntakutafutia chengine chenye picha"!! MIMI??

Mwana wa Ndia Kuu:
Assalaam aleikum jamani, naandika hapa mkono watetemeka, chakula kimeletwa na nimekirudisha, sili mpaka hili linitoke. Huyu bwana wetu, na simtaji kwa sababu hakuna haja, wote mwamjua, yule wa miwani shingoni ambayo haijawahi kupanda machoni, yule wa "katika usomaji wangu", leo amenivunjia heshima mbele ya baraza zima na watu wamecheka mpaka muuza kahawa kamwaga kikombe. Muuza kahawa! Mtu ambaye hata kwenye harusi hacheki.

Kisa ni kitabu. Nimemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ile ya 1999, kitabu kinene mashallah, nimekisoma ndani ya matatu, nimekisoma kwenye foleni ya feri, stima zikipotea nasoma kwa tochi ya simu mpaka mke wangu akauliza kwani huyo Yasmin ni nani. Sasa nikaja nacho barazani kwa moyo safi kabisa, nataka tu kuwaambia watu kisomeni, jamani kisomeni, yule msichana wa Kihindi kaozwa Bwana Raza mzee wa kumzaa, akatoroka, halafu kuna Denge na wenzake wapambana na Mwingereza kule Unguja, yaani kuna pahali nlifunga kitabu nikazunguka chumbani ndo nikarudi kuendelea. Hata sijafika kwa Denge. Sijafika! Huyu bwana yuwatafuna mahamri, hata hajameza, akanipokonya kitabu akakipimapima mkononi kama nyanya za Marikiti, akasema, "Mashallah, kumbe siku hizi na wewe wasoma. Basi ntakutafutia chengine chenye picha."

CHENYE PICHA.

Mimi na mvi hizi. Chenye picha! Akanirudishia kitabu kina alama ya dole la mafuta katikati ya kava. Mafuta nimesamehe, mahamri ni mahamri. Lakini picha?

Na msiniulize nilimjibu nini. Sikumjibu kitu, ulimi ulikauka. Majibu yote matamu yamenijia nikiwa narudi nyumbani, nafika Makadara nna jibu la kumzika mzimamzima, nageuka mbio, nakuta baraza imevunjika pamebaki paka.

Halafu msomi mwenyewe sasa! Nani hapa amewahi kumuona na kitabu kimefunguliwa? Kila kitabu "alikisoma zamani". Ukimuuliza kinaishaje, "sitaki kukuharibia utamu". Juzi kasifu kitabu nusu saa nzima, kijana mmoja akamuuliza kwa adabu, ami, mhusika mkuu ni mwanamume au mwanamke, akajibu "inategemea wakisoma vipi". Na watu wakatikisa vichwa ati hekima!

Nishaurini, nihame baraza? Ama nimnunulie cha nasari kweli, chenye bata na mpira, nimuekee mapajani watu wote wakiwepo? Maana hakusema kwa hasira, hilo ndilo laniua, alisema polepole, yuwatafuna. Chenye. Picha.

Bint Kibokoni:
Pole kaka angu. Nimecheka lakini pole. Ni hapo kwa paka 😂

Kuli Mstaafu:
Huyo mwacheni tu. Mimi nilimpa Kuli, ya Adam Shafi huyo huyo, akaigeuza nyuma akasoma maandishi ya kava akanambia ati ni "kitabu cha mambo ya uchukuzi". Uchukuzi! Kitabu cha makuli wa Unguja na mgomo wao wa 1948, mimi nimekula chumvi ya bandari ya Kilindini tangu nywele nyeusi, babangu mwenyewe alikuwemo kwenye mgomo wa hapa Mombasa 1947, nasoma kile kitabu namuona mzee wangu ana gunia mgongoni, halafu mtu aniambia uchukuzi.

Mwana wa Ndia Kuu:
Angalau wewe hukuambiwa chenye picha.

Sina Deni:
Tuseme kweli mleta uzi, wewe na vitabu mmejuana lini? Si wewe uliyetuambia umesoma Utengano ukaulizwa ni ya nani ukasema "ya serikali"? Mzee wa miwani ana ulimi mbaya lakini hapo ana kahoja.

Mwana wa Ndia Kuu:
Ni ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, najua vizuri sana, siku ile nilikuwa na homa. Na tangu lini homa na picha vikawa kitu kimoja??

Sina Deni:
"Ya serikali" 😂😂😂

Feri ya Mwisho:
Wazee hebu ngojeni. Vuta N'kuvute si ilitengenezwa filamu, ya Amil Shivji, 2021? Nawaapia huyo bwana ameona filamu tu, ndo maana mkikizungumza atikisa kichwa. Kwa hivyo chenye picha amekisoma yeye, tena picha zenyewe zatembea.

Bint Kibokoni:
UZI UFUNGWE. Hakuna litakalopita hili.

Mwana wa Ndia Kuu:
HILI NDILO JIBU!!! Lilikuwa wapi saa kumi na moja jioni jamani lilikuwa wapi!!

Maalim wa Zamani:
Vijana mwapiga kelele. Kama wataka kumnyamazisha mpelekee Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa hapa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya karatasi aliyoandika, Kenya: Twendapi?, na yale mashairi aliyatunga humo gerezani akiyaandika kwenye karatasi za choo. Kikatoka 1973, na 1974 kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, ndiyo, Mzee yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mkae mlifikirie hilo kidogo badala ya mahamri. Mwenye miwani akimaliza ubeti mmoja na akaweza kuufafanua, kahawa ya wiki nzima juu yangu.

Sina Deni:
Maalim hujawahi kulipa kahawa hata ya siku moja.

Kuli Mstaafu:
Sauti ya Dhiki nlikuwa nayo. Nikamuazima mtu.

Wa Kongowea:
Usinitoneshe kidonda ndugu yangu. Mimi ni mtu wa Kongowea, na shujaa wa Siku Njema, Msanifu Kombo, aitwa Kongowea Mswahili, kwa hivyo kile kitabu nakihesabu ni mali ya mtaa. Ken Walibora Mungu amlaze pema. Nikamuazima jirani, mtu mzima na heshima zake, amekaa nacho Ramadhani mpaka Ramadhani, kimerudi hakina kava, na pale Msanifu anaposafiri kumtafuta babake kurasa mbili zimeshikana kwa mchuzi wa samaki. Nikamuuliza jamani hii ni nini. Ajibu, "kwani hakisomeki?" Nimekinusa mpaka leo ni changu, samaki wa kupaka.

Feri ya Mwisho:
Bora chako kilirudi na mchuzi. Mimi changu nilikikuta chini pale njiani kwenye vitabu vya mitumba, jina langu ndani na mwandiko wangu, na muuzaji akakataa kupunguza bei.

Bint Kibokoni:
Ukakinunua??

Feri ya Mwisho:
Nkakinunua.

Bint Kibokoni:
Mimi sina shida na wachafuzi, shida yangu ni wanaokunja pembe za kurasa. Kamba ya kanga ipo, tiketi ya basi ipo, risiti ya duka ipo, wewe wakunja pembe! Mtu wa hivyo hata mtoto wa paka simuachii.

Sina Deni:
Mimi hukunja. Na hukunja pembe kubwa.

Bint Kibokoni:
Nilijua. Nilijua tu kwa namna unavyoongea.

Maalim wa Zamani:
Kukunja ni haramu, si kwa fatwa, kwa adabu.

Sina Deni:
Maalim wewe wapigia mistari kwa kalamu ya wino mwekundu, nimeona kwa macho yangu, tena kwenye kitabu cha watu.

Maalim wa Zamani:
Ile ni taaluma.

Mwana wa Ndia Kuu:
Wenzangu. Mada ni PICHA. Nimetukanwa mimi leo, leo hii, mbele ya watu.

Wa Kongowea:
Ah, bado uko? Hebu niambie, huo mchuzi kwenye karatasi watolewa na unga wa ngano ama poda?

Bint Kibokoni:
Poda, halafu ukilalie na godoro. Kuli Mstaafu, hicho Kuli bado unacho ama nacho kimeenda? Niazime basi ami, ntakurudishia Ijumaa.

Kuli Mstaafu:
Ijumaa ipi?