Kufomati simu ya Android kabla ya kumpa mtu mwingine: nianze na lipi?

Nuru_K

Habari zenu wakuu. Nina simu ya Android 13 ambayo nataka kumpa mtu mwingine aitumie. Ndani kuna picha nyingi, WhatsApp, programu ya benki, ile programu inayotoa namba za tarakimu sita za kuingilia akaunti, pamoja na memori kadi ya GB 64.

Naomba kujua mambo matatu. Nifuate mpangilio gani ili nisipoteze kitu? Kuna ubaya wowote kufomati kwa vitufe badala ya kupitia Mipangilio? Na huyo atakayeipokea, akiwa na programu za kufufua mafaili, ataziona picha zangu? Nimepanga kuanza kwa kufuta picha na namba za watu kwa mkono, ndipo nifomati.

---

Kitasa

Nuru, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa hiyo naanza nayo. Usifute chochote kwa mkono. Simu ikiwa bado imeunganishwa na akaunti ya Google, ukifuta picha ndani ya Picha kwenye Google, inafutika na kule mtandaoni. Namba za simu ni vivyo hivyo. Picha iliyokuwa na nakala mtandaoni hukaa kwenye tupio siku 60, namba hukaa siku 30, kisha basi. Watu wengi wanaolia kwamba "kufomati kumefuta hadi picha za mtandaoni" walizifuta wenyewe kabla ya kufomati. Kazi ya kufuta iachie simu.

Sasa bakapu, yaani nakala za akiba. Usiamini tiki ya kijani kwenye simu unayotaka kuifuta. Chukua simu nyingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako, uone kwa macho: picha ya mwisho kupigwa ipo? Namba uliyohifadhi juzi ipo? Kama haionekani huko, haijahifadhiwa.

Kwenye picha kuna mtego. Kwa kawaida Google huhifadhi folda ya kamera peke yake. Picha za WhatsApp, picha za skrini na zilizopakuliwa haziingii mpaka uziwashe folda zake moja moja kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala. Halafu angalia nafasi: GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua pepe, Hifadhi ya Google na picha. Zikijaa, kuhifadhi kunasimama, na taarifa yake ni rahisi kuipita bila kuisoma. Kama picha ni nyingi, waya wa USB na kompyuta ndiyo njia ya uhakika: nakili folda ya DCIM (ndimo zinamokaa picha za kamera) na folda ya Pictures, kisha fungua picha chache na video moja ndefu uone kama zimefika nzima.

Namba za watu: fungua programu ya Anwani uone zimehifadhiwa wapi. Zilizoandikwa "kifaa" au "simu" haziko kwenye akaunti yoyote. Zihamishie Google, au zitoe zote kama faili la .vcf ulitume kwenye barua pepe yako. Faili moja linabeba namba zote na linafunguka kwenye simu yoyote.

WhatsApp ina bakapu yake ya peke yake: Mipangilio, Gumzo, kisha sehemu ya nakala rudufu. Gusa uhifadhi sasa hivi, usisubiri ile ya usiku. Video hazijumuishwi mpaka uwashe. Kama uliwasha ulinzi wa mwisho hadi mwisho kwenye nakala hiyo, hakikisha una nenosiri lake au ule ufunguo wa tarakimu 64, maana ukilipoteza hata WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua. Kwenye simu mpya tumia namba ileile na akaunti ileile ya Google, na usiruke swali la kurejesha gumzo linapokuja wakati wa kusajili namba. Ukiliruka, itabidi uondoe programu na kuisakinisha upya ndipo uulizwe tena.

Ile programu ya tarakimu sita ishughulikie kabla ya vyote, na uihakiki kuliko vyote. Hiyo ndiyo inayofungia watu nje ya akaunti zao. Google Authenticator inaweza kusawazisha na akaunti tangu 2023, lakini kama hukuiwasha, namba zote ziko ndani ya simu tu na zitafutika nayo. Hamisha kwa msimbo wa QR kwenda simu mpya, kisha jaribu kuingia kwenye akaunti moja ukitumia namba zinazotoka kwenye simu mpya. Pia chukua misimbo mbadala ya akaunti ya Google, ile 10 ya tarakimu nane, uiandike kwenye karatasi.

---

FundiSaketi

Kitasa amemaliza upande wa bakapu, mimi nishike kufuli na vitufe.

Tangu Android 5.1, simu ikifomatiwa bila mwenyewe kujulikana, ikiwaka hudai akaunti ya Google iliyokuwamo mwanzo. Ulinzi huo umewekwa ili mwizi asinufaike, lakini haubagui: ukimpa ndugu yako simu uliyoifomati kwa vitufe, naye atakwama palepale. Ndiyo tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili. Ukipitia Mipangilio, simu inakuomba pini au mchoro, inajua ni wewe, na kwa kawaida inaondoa kufuli. Ukipitia vitufe, haijui ni nani anayeibonyeza, kwa hiyo kufuli linabaki.

Ili usibahatishe, toa akaunti kwanza: Mipangilio, Nenosiri na akaunti, chagua akaunti ya Google, Ondoa akaunti. Fanya hivyo kwa kila akaunti ya Google iliyomo. Halafu angalia akaunti ya kampuni iliyotengeneza simu. Samsung na Xiaomi wana akaunti zao zenye kufuli lao, na kuondoa ya Google hakuigusi hiyo. Nenosiri lake litatakiwa, kwa hiyo kama umelisahau, lirejeshe sasa wakati simu bado iko wazi.

Kama umebadilisha nenosiri la Google siku hizi mbili tatu, subiri. Google wenyewe wanashauri saa 24 zipite kati ya kubadilisha nenosiri na kufomati.

Baada ya hapo: chaji ifike angalau nusu na waya wa chaji ubaki umechomekwa, maana simu ikizimika katikati ya kufuta inaweza kugoma kuwaka vizuri. Toa laini, toa memori kadi. Nenda Mipangilio, Mfumo, chaguo za kubadilisha mipangilio, kisha "Futa data yote". Kwenye Samsung iko chini ya Usimamizi wa jumla. Kuwa makini hapo, kwa sababu katika ukurasa uleule kuna kubadilisha mipangilio ya mtandao na ya programu, ambazo hazifuti picha wala akaunti. Mtu akichagua hizo akaona simu imejiwasha upya, anaweza kudhani amemaliza, kumbe kila kitu kipo.

Ikiwa unatumia eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya simu bila kadi, simu itakuuliza kama nayo ifutwe. Hamishia kwanza kwenye simu mpya, uone inashika mtandao, ndipo ukubali kuifuta. Ukiifuta kabla ya kuihamisha utalazimika kumwomba mtoa huduma akupe nyingine, na msimbo wa QR uliotumia mwanzo mara nyingi haukubali mara ya pili.

Vitufe waachie wenye simu isiyowaka hadi mwisho, au isiyofungua skrini. Simu ikiwa imezimwa, shikilia cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti. Samsung mpya hazikubali mpaka ziwe zimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ikitokea picha ya roboti na maandishi "No command", shikilia cha kuwashia, bonyeza cha kuongeza sauti mara moja, uachie. Vitufe vya sauti vinapanda na kushuka, cha kuwashia kinachagua. Unachohitaji ni "Wipe data/factory reset" na baadaye "Reboot system now". Hayo mengine kwenye orodha usiyaguse.

---

mpenda_data

Nijibu la tatu, la kufufua mafaili. Simu yako ni ya Android 13, kwa hiyo kilichomo kimesimbwa kwa njia fiche tangu siku ya kwanza. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 kwenda mbele zinalazimika kufanya hivyo, na nyingi zilizotangulia, kuanzia Android 6, zilifanya pia. Picha iliyoandikwa kwenye chipu haisomeki bila ufunguo uliomo ndani ya simu hiyohiyo. Ukifomati, ufunguo unaharibiwa. Mabaki ya data yanaweza kuwapo kwa muda, lakini hayasomeki. Ni sanduku la chuma ambalo ufunguo wake pekee umeyeyushwa. Programu za kufufua hazitapata kitu cha maana.

Kwa hiyo ule ushauri wa kujaza simu kwa video za bure kisha kufomati tena mara tatu, kwenye simu kama hii ni kupoteza muda na kuichosha chipu bure. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa simu za zamani zisizosimbwa, na hata huko njia bora ni nyingine: nenda Mipangilio, Usalama, simba simu kwa njia fiche, ukiwa na chaji asilimia 80 au zaidi na waya umechomekwa. Itachukua saa moja au zaidi. Ikikamilika, fomati. Mabaki yatakuwa maandishi yasiyosomeka.

Ila jambo moja kwa wanaopitia uzi huu kwa sababu simu ni nzito: kufomati si dawa ya kila kitu. Kunafuta sehemu ya mtumiaji peke yake. Mfumo unabaki kama ulivyo, toleo la Android halirudi nyuma, na kama uzito ulianza baada ya sasisho, unaweza kuukuta palepale. Betri iliyochoka haiponi. Jaribu kwanza kupunguza mafaili ibaki nafasi ya kutosha, kisha iwashe katika hali salama: shikilia kitufe cha kuwashia, ubonyeze "Zima" kwa muda mrefu, ukubali. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Simu ikiwa nyepesi humo, tatizo ni programu mojawapo na hakuna haja ya kufuta yote. Na virusi vingine havitoki kwa kufomati: xHelper, iliyosumbua watu kuanzia 2019, ilijiandika mpaka kwenye sehemu ya mfumo ikawa inarudi kila simu inapowashwa upya. Hiyo huondolewa kwa kuflashi, yaani kuandika upya, mfumo rasmi wa kampuni.

---

Nuru_K

Nimewaelewa vizuri, asanteni sana. Bado memori kadi. Nikiitoa tu, inatosha? Na mke wangu naye anataka kutoa iPhone yake, utaratibu ni huuhuu?

---

FundiSaketi

Inategemea ilivyowekwa. Fungua Mipangilio, Hifadhi, uisome. Kama ni hifadhi ya kuhamishika ya kawaida, itoe, ichomeke kwenye kompyuta, mafaili yataonekana. Kama uliifanya iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, au uliisimba kwenye Samsung, ufunguo wake uko ndani ya simu. Ukiifomati simu hali kadi iko hivyo, kadi haitasomeka popote tena, hata kwenye simu ileile. Basi kabla ya kufomati, iondolee usimbaji au uhamishe mafaili yote kwenda kompyuta. Folda Salama ya Samsung nayo iko hivyo: yaliyomo yatoe mwenyewe kwanza, hayaendi na bakapu ya kawaida.

---

Tufaha

Ya iPhone nichukue mimi, shemeji atulie. Wazo ni lilelile, njia tofauti. Bakapu ya iCloud ina GB 5 tu za bure, lakini kuanzia iOS 15 kuna sehemu ya kujiandaa kwa iPhone mpya inayompa nafasi ya muda kwa wiki tatu bila malipo. Akitumia kompyuta, aweke alama ya kusimba bakapu kwa nenosiri, kwa sababu isiyosimbwa haibebi maneno ya siri wala data ya afya.

Kama ana saa ya Apple, aitenganishe kwanza. Kisha Settings, General, Transfer or Reset iPhone, halafu "Erase All Content and Settings". Itadai nenosiri la akaunti ya Apple ili kuzima Find My, huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Hapo ndipo kufuli la uwezeshaji, lile linalodai akaunti ya mwenye simu wa mwanzo, linapoondoka. Kwenye iOS 17.3 na zaidi, ulinzi wa simu iliyoibwa ukiwa umewashwa na yuko mbali na nyumbani au kazini, kuzima Find My kunaweza kucheleweshwa saa nzima. Afanyie nyumbani.

Kwa simu zote mbili, kipimo cha mwisho ni hiki: ikishawaka na salamu ya kukaribisha, iunganishe na Wi-Fi, endelea hatua mbili tatu. Ikiomba akaunti ya zamani au mchoro wa zamani, kufuli bado lipo. Kwa iPhone unaweza kulitoa ukiwa mbali, kwa kuingia iCloud kwenye kivinjari na kuiondoa simu kwenye akaunti. Kwa Android kufuli limeandikwa ndani ya simu yenyewe, kuifuta kwenye orodha ya vifaa vya Google hakusaidii. Lazima akaunti iingizwe pale kwenye kioo. Kwa hiyo Nuru, ya kwako ikague ikiwa bado mkononi mwako. Izime kabla ya kuingiza akaunti yoyote mpya, umkabidhi.