Washington State hatukushuka daraja, TULIUZWA. Anayesema turidhike aje anijibu hapa

Wadau salamu. Leo sina utani. Jumamosi tulikuwa kwa sherehe ya watu wetu pale Kent, karibu na Seattle, wakenya wengi, watanzania kadhaa, nyama iko kwa moto, na mzee mmoja ambaye namheshimu sana akaniona na kofia yangu ya Cougars, timu ya chuo chetu cha Washington State ambacho watu wanakiita Wazzu, akasema mbele ya watu wote ati "hiyo Wazzu yenu si mkubali tu mmeshuka daraja, mji wenyewe ni ngano na upepo, mtawezana wapi na wakubwa." Watu wakacheka. Nikanyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini nimeendesha gari zaidi ya masaa manne usiku kurudi Spokane nikichemka njia nzima na mpaka sasa sijapoa.

Hatujashuka daraja. Kushuka daraja ni umalize msimu mkiani na pointi zikuhukumu, kila mtu anaona jedwali, unalia unaenda. Huku Marekani timu za vyuo hazipandi wala kushuka hivyo. Vyuo vinaungana vyenyewe kwa kitu wanaita konferensi, wewe ita ligi, ligi inauza matangazo yake kwa televisheni, halafu pesa inagawanywa. Ukiachwa nje haijalishi umeshinda mechi ngapi, pesa imekatika, na pesa ya futiboli, ile ya Kimarekani, ndio inalisha michezo mingine yote pale chuoni, kutoka mpira wa wavu hadi riadha. Kwa hiyo mtu akiniambia "mmeshuka" ananiambia tulishindwa. Wapi? Na nani?

Tuliingia ligi ya pwani ya magharibi, iliyokuja kuitwa Pac-12, mwaka 1917. Elfu moja mia tisa kumi na saba bana, hata kabla babu yangu hajazaliwa. Tumecheza Rose Bowl, ile mechi kubwa ya Mwaka Mpya, 1998 na tena 2003, na 2018 chini ya kocha Mike Leach tulishinda mechi 11, rekodi ya chuo. Halafu tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza wanahamia Big Ten, ligi ya kina Ohio State na Michigan, huko ambako mkataba wa Fox, CBS na NBC ulikuwa unapikwa, zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Sawa. Tulibaki kumi, na kumi wanaweza kuishi kama wana kiongozi. Lakini kamishna George Kliavkoff alituzungusha mwaka mzima mkataba unakuja, mkataba unakuja, na iliandikwa kila mahali kwamba televisheni ya ESPN walileta ofa ya karibu dola milioni 30 kwa kila chuo kwa mwaka na wakuu wa vyuo, maprofesa wazima, wakajibu wanataka 50. Hamsini! Wakati wakubwa wawili wa Los Angeles wameshatoka mlangoni! ESPN wakaenda zao, na mwisho mezani ikabaki Apple peke yake na mkataba wa kutegemea watu wangapi watalipia kuangalia.

Colorado wakatoka Julai 2023. Ijumaa tarehe 4 Agosti watu walikuwa wanangoja saini, na siku hiyo hiyo Washington na Oregon wakakimbilia Big Ten, halafu Arizona, Arizona State na Utah wakaingia Big 12, ligi nyingine kubwa. Siku moja tu. Tarehe 1 Septemba Stanford na Cal wakachukuliwa na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, sasa watoto wanaosoma karibu na San Francisco wanapanda ndege kwenda Boston na Miami kucheza mechi ya ligi na wanarudi kufanya mtihani. Wakabaki wawili, sisi na Oregon State. Ligi ya zaidi ya miaka mia moja, timu mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndio watu wananiudhi. Tuliachwa kwa sababu Pullman, kilipo chuo chetu, ni mji wa watu elfu 30 na kitu, na wengi wao ni wanafunzi, na uko karibu kilomita 460 kutoka Seattle, basi. Walihesabu televisheni. Hakuna aliyehesabu kwamba uwanja wa watu karibu elfu 33 ni mkubwa kuliko mji wenyewe, kwamba watu wanatoka Tri-Cities, Yakima, Seattle, wanavuka milima kwa theluji ya Novemba kuja kukaa kwa baridi. Hakuna aliyehesabu ile bendera yetu ambayo imepepea nyuma ya watangazaji wa College GameDay, kipindi cha televisheni cha futiboli ya vyuo, kila wiki tangu 2003, popote kipindi kilipo, inabebwa na mashabiki wa kujitolea. Nionyesheni chuo kingine chenye mashabiki wa namna hiyo.

Na waliotuumiza zaidi si wa California. Ni Washington, chuo cha umma cha jimbo letu hili hili, kodi ni ile ile, bunge ni lile lile la Olympia. Walikubali hata mgao mdogo kuliko wenzao wa Big Ten ili mradi waondoke. Kama ndugu anauza ng'ombe wake sina neno, ni wake. Lakini huyu aliuza boma zima na sisi tukiwa tumelala ndani, halafu asubuhi anakuja kukuambia tuendelee kucheza ile mechi yetu ya kila mwaka, Apple Cup, kwa sababu ni ya kihistoria. Tukacheza Septemba 2024 pale Lumen Field, Seattle, na tukawapiga 24-19, dakika za mwisho wako mlangoni kabisa na tukawazuia. Hiyo ndio timu imeshuka daraja? Mwaka 2025 walitulipiza vibaya 59-24, sikatai, lakini msimu huo huo tulienda mpaka Mississippi tukapoteza kwa Ole Miss 24-21, wiki iliyofuata Virginia 22-20, halafu James Madison 24-20. Pointi tatu, mbili, nne. Ole Miss na James Madison wote waliingia mchujo wa ubingwa wa taifa! Na zote tulicheza ugenini, upande wa pili wa nchi, kwa sababu hatukuwa na ligi ya kutupangia ratiba, mpaka tukacheza na Oregon State mara mbili ndani ya mwezi mmoja, tarehe 1 na 29 Novemba, kama watoto wawili wameachwa shuleni wazazi hawajakuja.

Kitu kimoja tulipigania na tukakipata. Waliotoka walitaka bado wapige kura kuhusu pesa za ligi wanayoiua. Tukaenda mahakamani pale Colfax, mji mdogo wa kaunti yetu, na Novemba 2023 jaji akasema waliobaki ndio bodi. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakataa kuingilia Desemba. Mwishowe wale kumi wakaachia dola milioni 65. Siku ile nililia, sioni aibu kusema.

Lakini pesa ya kesi inaisha. Na ukishaonekana mnyonge kila mtu anakuja kuchuna. Kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi, Cam Ward, akaenda Miami, na 2025 ndiye aliyechaguliwa namba moja kuingia NFL, ligi ya kulipwa. John Mateer akaenda Oklahoma. Kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest. Akaja Jimmy Rogers, msimu mmoja tu, huyo Iowa State. Kocha wa basketi Kyle Smith alitupeleka mashindano ya taifa Machi 2024, mara ya kwanza tangu 2008, na kabla hata furaha haijaisha akachukuliwa na Stanford, mmoja wa waliotukimbia. Na mkurugenzi wa michezo Pat Chun, aliyesimama mbele yetu akisema tutapigana pamoja? Machi hiyo hiyo alihamia Washington. WASHINGTON. Tena naambiwa nitulie.

Haya, sasa lile ambalo mzee wa Kent hajui, au anajua na amesahau, na kwetu sisi ni vibaya kusahau.

Hicho chuo cha ngano na upepo ndicho kilichomchukua Henry Rono, kijana wa Nandi, na mwaka 1978 akiwa bado mwanafunzi wa Pullman akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mita 5,000 pale Berkeley, 3,000 kuruka viunzi na maji pale Seattle, 10,000 Vienna, 3,000 Oslo. Siku themanini na moja! Hiyo ya 10,000 alimvua Samson Kimobwa, naye ni wa Pullman. Julius Korir, dhahabu ya viunzi na maji Los Angeles 1984, wa Pullman. Peter Koech akaja 1989 akavunja ile ya Rono, wa Pullman. Yaani rekodi ya dunia ya viunzi na maji ilikaa kwa watu wa chuo kimoja kutoka 1978 hadi Moses Kiptanui alipoichukua 1992. Bernard Lagat pia alisoma Pullman. Kuna kijiji gani cha Nandi ambacho hakijawahi kusikia hilo jina la Washington State?

Na Juni 2025, miezi kumi na sita tu baada ya Rono kufariki, chuo kikatangaza kwamba kinaondoa michezo ya uwanjani katika riadha, mkuki, tufe, kisahani, miruko yote, na mbio fupi na viunzi vinapunguzwa. Bajeti. Mtu ataniambia mbio ndefu zimebaki, za kwenu wakenya, shukuru. Siwezi kushukuru! Timu ya riadha bila warushaji na warukaji haiwezi kushinda ubingwa wa ligi, pointi hazitoshi hata ukimleta Rono mwenyewe, na wale vijana waliokatwa walikuja Pullman wakiamini neno la kocha kama Rono alivyoamini la John Chaplin. Hapa sina huruma hata na wakuu wetu wenyewe. Mliachwa, ndio. Lakini uchungu wa kuachwa mmeupeleka kwa msichana wa kurusha mkuki?

Tunaenda wapi sasa. Ligi mpya inaanza Julai 2026 kwa jina lile lile la Pac-12, tuko na Oregon State, Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Texas State, na Gonzaga ambao hawana futiboli. Vyuo nane vya futiboli, ndio idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa. Matangazo ni CBS, CW na USA Network. Nitaenda uwanjani, tiketi nitanunua, Boise State ni timu ya kweli na hatutawadharau kama sisi tulivyodharauliwa. Ila msinibandikie bango la "tumerudi", na wakati huo huo wakubwa wanaweza kuwalipa wachezaji mpaka kikomo, ambacho msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 20.5, na sisi hatufiki hata karibu. Mkataba wa Big Ten unaisha 2030, wa Big 12 mwaka unaofuata, na hapo ndipo wataanza tena kuhamishana. Nataka kusikia kutoka kwa wakuu wa chuo, hadharani na kwa tarakimu, wana mpango gani wa hii miaka michache, kocha atazuiwa vipi asiondoke kila Desemba, na riadha itarudishwa lini nzima.

Na mzee wangu wa Kent, najua unasoma hapa. Siku ya 13 Mei 1978 Rono alipovunja rekodi ya viunzi na maji, alikimbia Seattle, nyumbani kwa hao wakubwa unaowasifu. Jezi aliyovaa ilikuwa ya chuo gani?