Naombeni ushauri: binti yangu wa miaka 11 anataka kujifunza skii Bogus Basin

Mama_Watatu
Habari zenu wanajamvi. Tunaishi Boise, Idaho, huu mwaka wa tatu. Binti yangu amenikalia kooni tangu Novemba, anataka kwenda Bogus Basin, ule mlima wa michezo ya theluji juu ya mji, kujifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji na vibao viwili virefu miguuni. Wenzake darasani wanapanda huko Jumamosi, Jumatatu wanasimuliana yeye amenyamaza. Huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma.

Baba yake anasema ni mchezo wa wenye pesa na wa kuvunjana miguu. Mimi theluji naijua ya kufagia kwenye gari tu. Naogopa mtoto kuumia, naogopa ile barabara maana dereva ni mimi, na naogopa nikikubali mara moja nitabeba gharama kila mwaka. Mliopitia hili nisaidieni.

Kipanga_Boise
Dada, karibu. Nianze na la pesa, maana shemeji hajakosea sana. Sehemu nyingi za skii Marekani ni za makampuni, na bei zake zinatisha. Bogus ni tofauti. Ilifunguliwa Desemba 1942, na inaendeshwa na shirika lisilo la kibiashara. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Kinachobaki kinarudi kwenye lifti za kupandisha watu mlimani na njia za kuteleza. Mwaka 1998 walishusha pasi ya msimu, yaani tiketi ya msimu mzima wa theluji, mpaka dola 199, wakati sehemu nyingine pasi ilikuwa mamia zaidi ya hapo. Watu wakajaa, na milima mingine ikaanza kuiga. Mimi naiona kama mali ya mji.

Hata hivyo usinunue pasi mwaka huu. Ulizia siku moja ya wanaoanza: somo, tiketi ya eneo la chini na vifaa vya kukodi kwa pamoja. Na uliza waziwazi kama kuna punguzo kwa familia zenye kipato kidogo. Kuuliza si aibu.

Mzee_wa_Kona
Mimi napinga. Mwanangu aliteguka goti msimu wa kwanza, miezi minne hakukimbia. Mama, fikiria bima kwanza.

Kipanga_Boise
Pole sana mzee. Vifaa alikodi au aliazima?

Mzee_wa_Kona
Aliazima kwa rafiki yake, kijana mkubwa kuliko yeye.

Kipanga_Boise
Basi huenda hapo ndipo palipoharibika. Vile vishikizo vinavyobana buti kwenye skii hupimwa kwa uzito, urefu, ukubwa wa buti na uwezo wa mtu, ili akianguka vibaya viachie mguu. Vikikazwa kwa ajili ya mtu mzito, mtoto mwepesi anaanguka skii haitoki, goti ndilo linalopinda. Dada, kodi dukani, na mtaje uzito wake wa kweli. Helmeti ni lazima.

Mzee_wa_Kona
Hilo hatukuambiwa na mtu. Nashukuru.

Bi_Theluji
Nije kwenye nguo, ndipo wengi wetu tunapokosea. Asivae jinzi wala fulana ya pamba. Pamba inakunywa jasho na theluji, halafu inamgandisha. Ndani avae nguo ya sufu au ya polista inayobana mwili, juu yake sweta, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Soksi jozi moja tu, ndefu! Mbili zinajikunja ndani ya buti na kukata damu, miguu inazidi kupata baridi. Glavu za sufu hazifai, zinalowa.

Mpake losheni ya jua, maana theluji inarudisha mwanga usoni. Na msiahirishe kwa sababu ya ukungu wa mjini. Januari hewa baridi hunasa bondeni Boise ikawa kijivu wiki nzima, kumbe juu jua linawaka na kuna joto kuliko chini. Mara ya kwanza nilipotokeza juu ya lile wingu nilisimamisha gari nikalia.

Dereva_Mstaafu
Barabara ni kilomita 26 hivi kutoka mjini, na wenyeji wanahesabu kona 172. Matairi yawe ya theluji. Kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki muda wote. Mtoto asile sana kabla ya kupanda, kona zinatapisha. Kama roho haijatulia, ulizia basi la kupanda mlimani, sina ninalolisifu zaidi.

Mama_Watatu
Mmenifungua macho. Swali moja: siku ya kwanza nisimame naye au nimwachie mwalimu?

Bi_Theluji
Mwachie mwalimu. Atamfundisha kuanguka kwa ubavu, kuinuka, na kufunga breki kwa kukutanisha ncha za skii mbele kama pembetatu. Asipande lifti ya viti kabla hajaweza kusimama mwenyewe. Njia zenye alama ya duara la kijani ndizo za wanaoanza. Bluu zisubiri, nyeusi msizitazame.

Mama_Watatu
Nimeongea na baba yake. Amekubali siku moja, Jumapili ijayo, kwa sharti vifaa vikodiwe na vipimwe mbele yake. Atakuja naye! Kilichobaki ni suruali na koti.

Bi_Theluji
Usinunue. Suruali ya binti yangu haimtoshi tena mwaka huu, na koti lipo. Nitumie urefu wake kwa faragha, nitakuletea kabla ya Ijumaa.