Nimepangiwa kijiji cha Masasi, naomba mwongozo wa wanaoijua kusini

Kutoka: kijana wa Wundanyi
Kwa: Wakenya tuishio Tanzania

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mimi ni kijana wa Taita, nimemaliza mafunzo ya uinjilisti, na kanisa limenipangia kutumika miaka miwili upande wa Masasi, mkoa wa Mtwara. Ni kijijini, si mjini. Sijawahi kuvuka Taveta. Ninachojua kuhusu kusini ni korosho na joto. Naomba kuelekezwa: nibebe nini, karatasi gani zinahitajika, nitaishi na nani, na nikifika nianzie wapi kazi? Mama amesikia kwamba huko Waislamu ni wengi na ana wasiwasi. Aliyeishi huko asinichoke.

*

Kutoka: dada wa Rabai, sasa Newala

Mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Hiyo ndiyo salamu utakayopokewa nayo, na utaitika "Milele, amina". Anza kuizoea sasa. Mimi natumika upande wa Newala, huu ni mwaka wa pili, na nimefurahi kusikia mwingine wetu anakuja.

Karatasi nitazipitia haraka. Njoo na pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya kanisa lako na barua ya dayosisi inayokupokea. Kibali cha ukaazi cha wamisionari ni daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Waulize wenyeji wako kabla hujafunga begi ombi lako limefika wapi, maana kuingia kama mtu wa matembezi kisha ukaanza kuhudumu ni kujitafutia matatizo wewe na waliokualika. Laini ya simu utaisajili kwa pasipoti na alama za vidole.

Njia yako ni Taveta, Holili, Moshi, halafu Dar es Salaam. Lala Dar, usiunganishe safari. Kutoka hapo unashuka kusini: Kibiti, daraja la Mkapa pale Rufiji, Nangurukuru, Lindi, hadi Mnazi Mmoja ambapo barabara inagawanyika, moja Mtwara na nyingine Masasi kupitia Ndanda. Ukipangiwa kusafiri masika, ulizia hali ya barabara kwanza. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata pale Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, kazi uanzie wapi. Ningependa ulipe uzito kuliko mengine yote.

Usije ukidhani unapeleka Injili mahali ambapo haijafika. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, akielekea bara kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, watu wale wakaona wamefika, wakajenga. Ni mwaka mmoja tu baada ya Frere Town yetu ya Mombasa, nayo makazi ya watumwa waliokombolewa. Na ukiwauliza wazee wa Frere Town na Rabai asili zao, wengi watakutajia Wayao, Wamakua na Wanyasa, yaani watu wa huku huku. Mimi nilipoonyeshwa makaburi ya zamani na mzee wa kanisa, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Rabai, alinishika mkono akasema basi nimerudi. Nililia, na sioni aibu kulisema. Tangu siku ile nilijua kwamba mahali hapa nimekuja kupokewa kwanza, na kutumika baadaye.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza sikiliza. Ibada yenyewe itakushangaza. Sisi tulilelewa na kanisa la CMS, wale wamisionari Waanglikana waliokuja kwetu, kitabu cha sala na mahubiri marefu. Hapa waliojenga ni UMCA, wamisionari wengine Waanglikana, ndio waliokuwa na Askofu Steere, na desturi yao iko karibu na ya Wakatoliki: ni misa, kuna ubani na kengele, watu wanafanya ishara ya msalaba, na kasisi anaitwa padri. Nimesikia vijana wageni wakianza kusahihisha mambo haya Jumapili ya pili. Bibi aliyebatizwa utotoni, akamzika mumewe kwa sala hizo na kulea wajukuu kwa sala hizo, unamsahihisha nini? Kaa kwenye benchi, simama wanaposimama, piga magoti wanapopiga. Katekista akikupa somo la kusoma, lisome vizuri. Mahubiri utaombwa wakati wake.

Kabla hata ya Jumapili ya kwanza, mwombe katekista akupeleke kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji. Chukua nakala za barua zako. Usitume mtu na usipige simu, nenda mwenyewe, ukae, usalimie, shikamoo kwa kila anayestahili, uulizwe habari za nyumbani na za safari, na mwisho ndipo useme lililokuleta. Sisi Wakenya tuna haraka ya kuingia kwenye jambo. Huku haraka hiyo inaonekana kama ukali, hata kama moyoni huna ubaya wowote.

Kisha ujue msimu, kwa sababu hapa kalenda ni korosho. Kuanzia Mei hadi Julai hivi watu wanapulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, na wanaifanya alfajiri. Ukipanga maombi ya asubuhi miezi hiyo utasali na watoto na vikongwe. Oktoba hadi Desemba ni kuokota, kupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika na kusubiri mnada. Hapo ndipo fedha zinaingia, ndipo mabati yananunuliwa, harusi zinafungwa na sadaka inaonekana. Januari hadi Machi mvua inanyesha, watu wanalima, akiba ya chakula inakwisha, na nyumba nyingi zinakula mara moja. Anayepanga harambee ya kanisa mwezi wa Februari hajaangalia vyungu vya majirani zake. Wewe miezi ya mavuno nenda shambani nao. Kuokota na kutenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, hakuhitaji ujuzi, na huko ndiko watu wananieleza mambo ambayo hawajawahi kuyasema wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kanisa.

Wakati wa mabibo kuna uraka, pombe ya mabibo. Utawaona walevi, na baadhi yao ni waimbaji wako wa kwaya. Usifungue huduma yako kwa mahubiri ya pombe. Wajue kwanza kwa majina, ujue nani amefiwa na nani ana deni.

Jando na unyago pia utavikuta, na ngoma zake usiku kucha. Usikimbilie kuhukumu. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alikuwa tayari amelifikiria jambo hili miaka mingi: badala ya kuwakataza Wakristo jando, aliweka jando chini ya uangalizi wa kanisa, pamoja na sala na mafundisho. Watu walimwelewa kwa sababu aliwauliza kwanza kile wanachokithamini. Yapo mambo kwenye unyago yanayonisumbua, hasa wasichana wadogo wanaofundishwa habari za ndoa kabla ya umri, na nimeshayasema, lakini niliyasema jikoni kwa akina mama walionizoea. Huwa wananijibu. Wakati mwingine wananipinga, tunaendelea kupepeta mbaazi.

Lingine: Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera ukoo wao unafuata upande wa mama. Kijana akitaka ubatizo au ndoa, kuongea na baba peke yake hakutoshi. Mjomba ana neno. Mtafute mjomba.

Kuhusu Waislamu, mwambie mama alale usingizi. Katika familia moja utamkuta kaka Mwislamu na dada Mkristo, wanakula sinia moja. Shughuli ya watu wote ikiwa na kuku au mbuzi, mwachie jirani Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani. Msiba ukitokea kwao, wanazika mapema, kwa hiyo ukisikia, nenda saa hiyo hiyo. Nilikaa mkekani na wanawake kwa jirani yangu alipofiwa na mtoto, sikuhubiri neno hata moja, nilichota maji na kuosha sufuria. Mama huyo ndiye aliyeniletea uji nilipougua.

Kwa makazi, nashauri ukae na familia ya mzee wa kanisa miezi ya mwanzo. Utajifunza kupika ugali wa muhogo, kisamvu na mbaazi za nazi, na utaonjeshwa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, ambayo mimi sasa naitafuta mwenyewe. Ukipangiwa huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde, maji ni ya kuhesabu. Watu wanavuna ya mvua kwenye visima vya nyumbani, yakiisha wananunua kwa dumu. Mgeni anayeoga ndoo nzima anazungumzwa.

*

Kutoka: muuguzi, Mtwara mjini

Dada wa Newala amesema vizuri. Mimi naongeza afya tu, kwa sababu kijana anatoka Wundanyi.

Milimani kwenu kuna baridi na malaria ni kidogo. Mwili wako haujaizoea, na mkoa huu ni kati ya yenye malaria nyingi nchini. Lala ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, hata ukiwa nyumba ya wageni. Ukipata homa, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda zahanati siku hiyo, upimwe kwa kipimo cha haraka, na ukikutwa nayo umeze dawa mseto zote hadi ziishe. Usinunue vidonge dukani bila kupima. Kwa jambo kubwa ziko hospitali ya Mkomaindo hapo Masasi na ile ya misheni ya Ndanda, ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, ambao wako hapo tangu 1906. Andika namba ya dereva wa bodaboda mmoja anayeaminika, maana ugonjwa huchagua usiku.

Na wasiwasi wa moyo ni ugonjwa pia. Karibu kila kijana mgeni niliyemhudumia alianguka mwezi wa tatu au wa nne, wakati ugeni umeisha na uenyeji haujaja. Hawezi kulala wala kula, anasema ni tumbo. Ukifika hapo, mwambie padri wako. Usijifungie.

*

Kutoka: mzee wa Voi, mfanyabiashara, Lindi

Mwanangu, mimi naafikiana na mama na dada zako hao, isipokuwa kwenye makazi. Kukaa kwa mzee wa kanisa ni heri, lakini usikae muda mrefu. Mgeni analishwa vizuri kuliko watoto wa nyumba, na wenyeji hawatakuambia hata kama akiba imekwisha. Baada ya mavuno ya kwanza omba chumba chako, hata kama ni cha udongo, na upeleke unga na mafuta ya taa pale ulipokuwa. Utabaki mtoto wao bila kuwa mzigo.

Fedha: kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kuja ya Tanzania inawezekana, lakini angalia makato. Waambie wanaokutegemeza watume kwa mkupuo na si vijisenti kila wiki. Na usikopeshe kwa jina la kanisa. Anayehitaji, mpe kidogo ulicho nacho, yaishe.

*

Kutoka: kijana wa Wundanyi

Asanteni sana wazazi na dada. Nimemsomea mama yote, amepumua. Anauliza mambo mawili. Nilete zawadi gani kwa familia itakayonipokea? Na je, dada, huwa unawapigia nyumbani mara ngapi? Yeye anataka kila siku.

*

Kutoka: dada wa Rabai, sasa Newala

Mwambie mama nampa shikamoo.

Zawadi: majani ya chai ya Kenya, yanapendwa sana. Leso moja nzuri ya Mombasa kwa mama wa nyumba, na kwa baba kofia au tochi ya sola. Watoto daftari na kalamu. Usilete nguo za mitumba, hata nzuri.

Simu: mimi nilipiga kila jioni mwanzoni, na nilikuwa nakosa mazungumzo ya barazani, kwa sababu jioni ndipo watu wanaketi. Mama yangu na mimi tukakubaliana Jumapili baada ya misa na Jumatano. Siku nyingine namtumia ujumbe mfupi, umeme wa sola ukiruhusu. Mama yako atazoea, lakini mpangie siku na uitimize, usimwache akisubiri.

Nitumie tarehe yako ya safari. Katekista wa Masasi namfahamu. Ukifika Mnazi Mmoja mpigie, atakuwa stendi kabla basi halijaingia.