Kupima hifadhi ya mto Kirichwa Ndogo kwa ramani: tuanzie wapi?

mkazi_kilimani

Habari zenu wadau. Chama cha wakazi wa mtaa wetu huku Kilimani, Nairobi, kinataka ramani ya kipande cha Kirichwa Ndogo, kama kilomita moja na nusu, ionyeshe ukanda usiofaa kujengwa pande zote mbili. Tutaitumia kujua pa kupanda miti, na pia kuambatanisha kwenye barua tukipinga ujenzi. Tuna simu za Android, kompyuta yenye QGIS (programu ya kuchora ramani), na mwanachama anayeweza kuazima droni.

Kuna anayesema tufuate katikati ya mto kwenye picha ya setilaiti, tuweke bafa (ukanda wa upana maalumu kando ya mstari) ya mita 30, kazi iishe. Inatosha kweli? Na ni mita 30 au 6? Kila unayemuuliza anakutajia yake.

serveya_bondeni

Karibu ndugu. Haitoshi, na kosa liko mahali pawili.

Kwanza hiyo namba. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, hazikutaja namba moja. Zilisema ukanda uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kwa hiyo mto wenye upana wa mita 4 unapata mita 6, wa mita 9 unapata 9, wa mita 45 unapata 30. Watu wengi huziona mita 30 kama sheria ya kila mto, hasa baada ya serikali kuagiza walio ndani ya mita 30 wahame wakati wa mafuriko ya 2024. Kabla ya kuchapisha chochote, waandikieni WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) na NEMA (mamlaka ya mazingira) waseme kwa maandishi ni kanuni ipi wanayotumia kwenye kipande chenu, na jibu hilo liambatane na ramani. Mkiweka 30 pale ambapo kanuni inatoa 8, wakili wa mjenzi ataanzia hapo hapo kuibomoa barua yenu.

Pili, hupimi kutoka katikati ya mto. Unapima kutoka ukingoni, pale ardhi ya juu inapovunjika na kuanza kushuka kwa ukali kuelekea majini. Mto wa mita 12 ukiwekewa bafa ya 30 kutoka katikati, umempa jirani mita 6 za bure kila upande. Na usipime kutoka maji yalipo, maana Januari na Aprili ni mito miwili tofauti.

Picha ya setilaiti nayo, kwa mto mwembamba uliofunikwa na miti kama huo, haikuonyeshi ukingo hata kidogo. Setilaiti ya Sentinel-2, ambayo picha zake ni za bure, ina pikseli ya mita 10, yaani mto wote unaingia ndani ya pikseli moja na nafasi inabaki. Picha za zamani za Google Earth zinafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kubwa: kuonyesha ukuta au kifusi fulani kilitokea kati ya tarehe gani na gani. Msizitumie kupima mita, kwa sababu picha za miaka tofauti husogeana kwa mita kadhaa. Ukitaka kuzilinganisha, shika kona ya barabara au kifuniko cha shimo la maji taka. Paa la ghorofa halifai, linalala kufuata pembe ya kamera.

rtk_eastlands

Naongezea upande wa vifaa. Simu mahali pa wazi inakosea mita 3 hadi 5. Kilimani, kati ya maghorofa na chini ya miti, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, kosa linaweza kupita mita 10. Ukanda wenyewe ni mita 6 au 9, kwa hiyo kosa la simu linaumeza wote. Simu itumieni kwa orodha ya vitu: bomba linalomwaga, rundo la kifusi, mti, daraja, kila kimoja na picha yake. Programu ya simu ya QField inafungua mradi wenu wa QGIS moja kwa moja kwenye simu.

Ukingo wenyewe unahitaji GPS ya kisasa ya RTK, yaani mashine mbili: moja imesimama pahali panapojulikana, nyingine iko kwenye fimbo mnatembea nayo. Kama hamna pointi inayojulikana karibu, simamisheni ile ya kwanza juu ya paa au uwanjani, irekodi saa mbili au zaidi, kisha faili lipelekwe AUSPOS ya Australia, huduma ya mtandaoni inayokokotoa mashine ilisimama wapi hasa. Ni bure, lakini inataka mashine inayopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti. Kwa jiji hili inasaidia kwamba kuna kituo cha kudumu cha GPS cha kimataifa, RCMN, pale RCMRD (kituo cha kikanda cha ramani) Kasarani.

Kwenye kupima, chukueni pointi kila mita 10 mto ukiwa umenyooka na kila mita 5 penye kona, fimbo ikiwa wima na kiputo katikati, sekunde 5 kila pointi. Angalieni skrini: ikiandika "fixed" mko ndani ya sentimita mbili tatu, ikiandika "float" mnaweza kuwa mmekosea nusu mita au zaidi na mashine isilie. Kosa la kila siku ni urefu wa fimbo: imeandikwa 2.00 kwenye mashine, ilhali kijana ameishusha hadi 1.80 apite chini ya tawi. Hilo halisogezi mstari kwenye ramani, lakini linaharibu vimo vyote, na vimo mtavihitaji kwa mafuriko.

Penye miti minene "fixed" haitakuja hata mkisubiri hadi jioni. Wekeni pointi mbili zinazoonana mahali pa wazi, kisha mpime ukingo kwa mashine ya serveya inayorusha mwale kwenye prizimu.

anga_na_ramani

Kuhusu droni, hapo Kilimani msirushe kienyeji. Mko karibu na Uwanja wa Wilson na Ikulu. Kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani zinataka idhini ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na droni ya kuazima haiji na idhini ya mwenyewe. Tafuteni mwendeshaji mwenye cheti.

Idhini ikipatikana, picha zipandane asilimia 80 kwenda mbele na 70 kando, na muweke alama za chini zisizopungua tano zilizopimwa kwa RTK, zisambae pande zote mbili za mto. Mkizipanga zote kwenye barabara moja, modeli ya ardhi inayotokana na picha inainama upande wa pili. Na hata ikitoka safi, picha haipenyi majani. Chini ya mikaratusi na matete, hicho kimo unachokiona ni cha majani. Kwa mto huu ningetumia droni kwa kuta, mapaa na vifusi tu, ukingo niuache kwa fimbo.

mkazi_kilimani

Asanteni sana. Swali lingine: tumepata didi plani (michoro ya upimaji ya hati za ardhi) za ploti mbili za kando ya mto, serveya wa mwanachama mmoja akatuandikia kodineti. Tukiziweka kwenye QGIS, ploti zinaruka mbali kabisa, zinaangukia mtaa mwingine. Karatasi ndizo mbovu?

serveya_bondeni

Karatasi ni nzima. Pimeni ploti zimeruka kiasi gani. Kama ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na 90 hivi mashariki-magharibi, basi kodineti ziko kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa upimaji huku) nanyi mmeziingiza kama WGS84 (mfumo wa GPS). Lipeni tabaka hilo EPSG:21037 (namba ya Arc 1960 kwenye QGIS), mradi ubaki EPSG:32737 (namba ya WGS84, kwa mita), QGIS itageuza yenyewe na mtabaki na kosa la mita chache. Hilo dogo linaondolewa kwa bikoni (alama za mpaka za maserveya): tafuteni bikoni mbili tatu zilizopo ardhini, mzipime kwa RTK, mlinganishe. Msiburute ploti kwa kipanya hadi ionekane imekaa vizuri.

Kama namba hazifanani kabisa na za UTM (gridi ya mita ambayo 21037 na 32737 zote hutumia), huenda ni Cassini, mfumo mwingine wa kuchora ambao plani nyingi za zamani za Nairobi zimechorwa kwao, tena kwa futi. Hapo mwachieni serveya mwenye leseni. Kusema mpaka wa ploti uko wapi kisheria ni kazi yake peke yake. Ramani yenu ionyeshe ukingo na ukanda, mipaka ya ploti iandikwe kwamba ni ya kukadiria. Majina ya wenye ploti msiyaweke, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Sasa bafa, maana hapo ndipo wengi huharibu. Tabaka likiwa kwenye latitudo na longitudo, ile 30 unayoandika inasomwa kama digrii 30, nusu ya Afrika inafunikwa. Hakikisheni ni 32737 kwanza. Unganisheni kingo mbili ziwe poligoni ya mto, chora mstari wa kati, ukate poligoni kwa mistari ya kukingama kila mita 20. Kila kipande, gawa eneo kwa urefu wa mstari wa kati ndani yake: kipande cha mita 20 chenye mita za mraba 148 kina upana wa mita 7.4. Weka jibu kwenye safu ya upana, kisha kwenye umbali wa bafa andika max(6, min(30, upana)). Yeyusha vipande viwe kimoja, toa mto wenyewe, ukanda unabaki. Kipande kipana kitavimba kidogo kuingia kwa jirani yake mwembamba. Lainisha kwa mkono, lakini hifadhi nakala ya kabla.

Kuna mtego katika kanuni ya upana ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Mtu akimwaga kifusi na kujenga gabioni (kuta za mawe ndani ya waya) mpaka mto wa mita 12 ubaki 7, ukanda wake nao unashuka kutoka 12 hadi 7. Amejiongezea ardhi kwa njia mbili. Ndiyo maana upana wa leo pekee hautoshi. Nendeni Survey of Kenya pale Ruaraka, barabara ya Thika, mwombe picha za zamani za angani na ramani za kipimo kikubwa za eneo lenu. Chora ukingo wa wakati ule kwa rangi nyingine juu ya wa leo. Penye tofauti ya zaidi ya mita mbili tatu, chimbeni kidogo ukingoni: udongo wa asili hauna vipande vya tailzi na saruji.

maji_juu

Msisahau ile sehemu ya mafuriko, watu hupenda kuiruka. Tafuteni alama: mstari wa matope ukutani, nyasi na karatasi za nailoni zilizonasa kwenye seng'enge, mlinzi wa geti anayeonyesha maji yalifika tofali la ngapi. Ziandikeni tarehe na mzipime kimo. Kimo cha GPS si kimo cha kutoka usawa wa bahari. Nairobi tofauti yake inazidi mita 10, kwa hiyo tumieni jioidi (modeli ya usawa wa bahari) ya EGM2008 kwa alama zote, msichanganye.

Halafu msichukue alama moja na kuchora kontua (mstari wa kimo kimoja) yake mto mzima. Uso wa mafuriko unashuka pamoja na mto. Mnahitaji alama angalau kila mita 50, na mbili kwenye kila kalvati (njia ya maji chini ya barabara), upande wa maji yanakotoka na wa yanakoenda. Kalvati ikizibwa na chupa za plastiki, maji ya juu yanapanda hata mita moja na zaidi huku chini yakiwa ya kawaida. Alama ya hapo inaeleza habari za kalvati, si za mto, na mtu wa maji atawauliza. Modeli za bure za vimo kama SRTM na Copernicus ziacheni kabisa kwa kazi hii: pikseli ni mita 30 na mapaa yamehesabiwa kama ardhi.

rtk_eastlands

Moja la miti kabla hamjachimba mashimo. Mabomba makuu ya maji taka ya jiji hili yanafuata mabonde ya mito. Pimeni kila kifuniko cha shimo la ukaguzi, unganisheni mistari, na miti mikubwa ikae mbali nayo, maana mizizi huingia kwenye viungo vya bomba. Hapo pandeni nyasi za vetiva. Mikuyu na mianzi iende kwingine, na mikaratusi isiongezwe hata mmoja.

Kwenye jedwali la vipimo vyenu, ukingo wa kushoto na wa kulia ni kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea. Liandikeni hilo juu ya fomu, la sivyo vikundi viwili vilivyotembea pande tofauti vitawaletea kingo zilizobadilishana.